Mikono ya Tupokigwe

Rovu, uvimbe wa shingoni, lilipoanza kumbana pumzi, Tupokigwe alisafiri kutoka milimani nje ya Mbeya hadi Iringa, akapasuliwa. Huo ulikuwa mwaka 1974. Alirudi na shingo nyembamba, na Isakwisa, mumewe, akamchinjia jogoo.

Furaha haikudumu. Midomo ilianza kumchonyota, vidole vikafa ganzi. Asubuhi moja akiwa amembeba binti yao Damari karibu na jiko, mikono ilikakamaa ghafla, vidole vikajikunja. Mtoto akamponyoka, akaangukia makaa, akaungua mkono.

"Hiki ni kifafa," mama mkwe alisema. "Kitamwambukiza na mtoto."

Isakwisa alikubali. Alimpeleka Damari kwa dada yake, Lusia, aliyeishi Chimala, akalelewe huko. Tupokigwe akatengewa sahani yake na kikombe chake.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja mwili ulimkakamaa akiwa sokoni Mbeya, wasamaria wema wakamkimbiza hospitali. Daktari aliliona kovu la shingoni, akamdunga dawa taratibu kwenye mshipa. Vidole vikafunguka, kimoja baada ya kingine.

"Ni kalsiamu, mama," daktari alimwambia. "Seli za mishipa ya fahamu zina vijilango vya kupitisha chumvi. Kalsiamu ya kwenye damu ndiyo inavizuia visifunguke ovyo. Ikipungua, vinafunguka kwa kitu kidogo tu, mishipa inasisimka yenyewe, na misuli inakaza. Nyuma ya pale palipokuwa na rovu kuna vitezi vinavyoitunza kalsiamu hiyo. Vyako viliumia wakati wa upasuaji."

"Kwa hiyo si kifafa?"

"Si kifafa. Wala kifafa chenyewe hakiambukizi. Utakunywa dawa, utaishi vizuri."

Alilia mpaka nesi akamshika bega.

Alipopata nafuu, alipanda basi kwenda Chimala. Damari alikuwa uani akipepeta mchele, msichana mrefu mwenye kovu mkononi. Tupokigwe alinyoosha mikono yote miwili. Mtoto akarudi nyuma, akamshika Lusia kanga.

"Mama, huyu ni nani?"

Lusia alifunika uso. "Wifi, nisamehe. Hakuna aliyetuambia kwamba utapona."

Tupokigwe alikaa kwenye mkeka, akaomba maji. Damari alimletea, akaweka kikombe chini mbali kidogo, akakimbilia ndani.

Jioni alipanda basi la Mbeya peke yake. Mikono ilitulia mapajani, vidole vimenyooka, na hakuwa na wa kumshika.