Karatasi ya Tano

Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiti kwa sababu sikuweza kungoja, na sijabadilika. Chai huniunguza ulimi kila siku. Foleni ya benki naiacha katikati. Mtu wa namna hii hakupaswa kupewa mashine ya prufu, lakini mzee mmoja wa Iringa alinipa.

Alikuwa mchapaji mstaafu, Mhindi aliyezaliwa hukohuko, akikaa nyuma ya duka la familia yao Mlandege. "Kamwene," alinisalimu siku ya kwanza, kwa Kihehe safi kuliko changu. Kisukari kilikuwa kimeshachukua macho yake. Mwisho wa mwezi wanawe walikuwa wanamhamishia Dar es Salaam, na wanunuzi wa vyuma chakavu walishakuja mara tatu kuizungukazunguka mashine. Mimi nina duka la steshenari Uyole, natengeneza kadi za harusi kwa kompyuta, na nilikuwa nimechoka na kadi zinazofanana kama bati za paa moja.

Mashine yenyewe haina umeme wala maajabu. Ni kitanda cha chuma kilicho bapa kama meza, na juu yake silinda nzito inayosukumwa kwa mkono. Unapanga herufi kitandani, unazipaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unapitisha silinda. Nakala ya kwanza inayotoka, ile ya kukagulia makosa, ndiyo prufu.

"Sitaki kitu," mzee alisema. "Mambo mawili tu. Kutu uitoe kwa mkono: mafuta ya taa, stilwaya, kitambaa. Usije ukapeleka mashine yoyote ya kusugulia kwenye hicho kitanda. Halafu kabla sijaondoka uniletee prufu niipapase."

Niliahidi yote mawili kabla hajamaliza kusema.

Ilifika Uyole juu ya Fuso, kati ya magunia. Wanaume sita waliiteremsha wakinilaani kwa Kinyakyusa na Kisafwa. Siku mbili nzima zikaishia kwenye miguu yake tu: pima maji juu ya kitanda, kibao chini ya mguu huu, toa, weka kingine, maana kitanda kikiinama silinda inatembea yenyewe. Kisha kutu. Jamani, kutu! Nilisugua wiki nzima, kucha zikawa nyeusi, wateja wa fotokopi wakasema nanuka jiko la mchina. Kila jioni nilifuta kuangalia, na palipotakata palikuwa na ukubwa wa sinia. Nje malori ya Tunduma yalipita moja baada ya jingine, nikaona kila mtu anafika aendako isipokuwa mimi.

Zikabaki siku nne mzee ahame. Nikamwita jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti. Alikuja na grenda, akaguna, akasema, "Dada, mbona hii kazi ya dakika kumi." Kweli, zilikuwa kumi. Kitanda kiling'aa, nikafurahi kama mjinga, mpaka nilipolaza rula ya chuma juu yake nikaona mwanga unapenya chini. Kwenye kona ya kulia grenda ilikuwa imekula bonde dogo, pana kama kiganja. Herufi zilizokaa hapo zilizama kidogo na kuchapa kwa kufifia. Nilimfokea fundi, ambaye alikuwa amefanya nilichomtuma.

Nikachana karatasi nyembamba zenye umbo la lile bonde, nikazilaza chini ya herufi: moja, mbili, tatu. Ya nne ikasawazisha wino. Kwa macho prufu ilikuwa safi kabisa. Asubuhi nikapanda basi la Iringa.

Mzee hakuujali wino. Aliigeuza karatasi akapapasa mgongo wake kwa kidole gumba, maana hata herufi ikigusa polepole huacha alama nyuma. Kidole kilishuka mstari kwa mstari. Kwenye kona kikasimama, kikarudi, kikazunguka.

"Hapa pana nini?"

"Kutu, mzee. Ilikuwa imekula sana."

Kidole kiliendelea kufuata ukingo wa duara ambalo kutu haiwezi kulichora.

"Umejazia ngapi?"

"Nne."

"Weka ya tano," akasema, akanirudishia karatasi yangu.

Hakugomba. Angegomba ningejitetea, mdomo ninao. Nilirudi na aibu njia nzima, Mafinga, Makambako, Igawa. Nilipofika nikaweka ya tano, na kila herufi ikatoka sawa na mwenzake. Sikuweza hata kufurahi. Mzee akahamia Dar. Wiki mbili sikuchapa kitu. Nilimpigia simu mara tatu nimwambie ukweli, na mara zote nikaishia kuuliza habari za joto la huko.

Mwishowe nikafungua sanduku la herufi kubwa za mabango. Mzee alinifundisha kwamba herufi iguse, isiume. Anayetoboa karatasi akauze misumari. Hilo nalo nikalivunja, safari hii kwa makusudi. Nililowesha manila, nikaijazia juu yake karatasi nyingine, nikasukuma silinda kwa nguvu zangu zote ili kila herufi ivimbe nyuma kama kovu. Huko nyuma maneno yalisomeka kinyume. Lakini mtu aliyepanga herufi za madini ya risasi maisha yake yote, kinyume ndiko alikozoea kusoma.

Yalikuwa maneno manne: SI KUTU. NI MIMI. Herufi I zilikuwemo tatu tu, kwa hiyo ya nne nikaweka namba moja. Nikaibana manila kati ya vipande viwili vya boksi isibondeke, nikaituma kwa basi.

Siku ya tatu alipiga simu. Hakusalimia.

"Binti, hiyo I ya mwisho ina pua."

"Ni namba moja, mzee. Ziliniishia."

"Nimeona." Nikasikia kidole kikikwaruza karatasi taratibu karibu na simu. "Na ile ya tano, ilitosha?"

Nikamwambia ilitosha. Kisha nikalia, wala sikukata simu.