Mama Mwalimu Amepumzika

Somo langu lilikuwa sahihi, na nalisimamia hata leo. Majilio yote niliwafundisha kina mama wa usharika wetu hapa Kalenga kwamba mwili ni hekalu la Mungu, na kwamba mama anayepika, kufua na kupamba kanisa bila kulala hamtukuzi Bwana, anajimaliza tu.

Siku mbili kabla ya Krismasi nikaona nami nitii. Simu ilikuwa hainyamazi, mara sare za kwaya, mara mchele wa wageni. Baada ya chakula cha mchana nikaandika kwenye kundi letu la kina mama, kwa heshima zote, kana kwamba nina katibu: "Mama Mwalimu amepumzika mchana huu. Tumshukuru Mungu kwa yote."

Nikazima simu, nikafunga mlango, nikajifunika blanketi. Namshukuru Mungu, nililala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu nistaafu kufundisha Kiswahili.

Niliamshwa na wimbo wa maombolezo. Nikajua jirani amefiwa. Nikajifunga kitenge haraka, nikatoka nikiwa tayari kufariji. Uani kwangu kina mama walikuwa wamejaa, wengine na kuni kichwani, wengine na unga.

"Poleni sana, wapendwa," nikasema. "Ametutoka nani?"

Wimbo ukakatika. Mama Tumaini, mwenyekiti wetu, akaangusha beseni.

"Ni wewe, Mama Mwalimu," akasema. "Na wanaume wameshaenda kuchimba."