Panga shingoni kwa sababu ya utitiri wa nyuki

Ndugu zangu, nawasihi, jina langu lisitoke nje ya kundi hili.

Leo nimelambishwa sukari panga likiwa shingoni.

Nilikuwa Issenye kwa mzee mmoja mfuga nyuki, kupima utitiri, wale wadudu wanaowanyonya nyuki na kuwaambukiza virusi. Unaweka nyuki kwenye chupa, unawamwagia sukari iliyosagwa, unatikisa, utitiri unadondoka kwenye sahani.

Mzee akaona unga mweupe, akaniwekea panga shingoni.

"Unaua nyuki wangu!"

"Shikamoo mzee, ni sukari tu!"

"Marahaba. Ilambe!"

Nikalamba. (Ni tamu hata ukiwa unakufa.) Akacheka, akashusha panga.

Ningeondoka hapo hapo! Lakini utitiri ulikuwa unatembea kwenye sahani, nami nikauliza swali letu la kazi: "Nyuki hawa uliwatoa wapi?"

Akainama kuutazama ule utitiri.

"Kwa shemeji yangu Chacha. Kumbe aliniuzia ugonjwa!"

Akaupasua mzinga kwa panga, akapanda bodaboda nalo kwenda Mbalibali kwa Chacha.

Aliye karibu na Chacha amwambie akimbie sasa hivi. Simu yake haipatikani.

Chacha akidhurika, ndugu zake watauliza nani alimchochea mzee. Nimejifungia stoo ya ofisi. Msinipigie, mlio utasikika. Mkija kunichukua, pitieni mlango wa nyuma, mtaje majina yenu kwanza.