Vidonge vya Unga

Pale bekari walimwita Chuma, kwa kuwa hachoki wala halalamiki. Tangu alfajiri anakanda, anachoma, anapanga, bila kutia kitu tumboni. Ukimkaribisha chai anakujibu, "Harufu imeshanishibisha." Ndiyo jeuri ya waokaji: wanalisha mtaa mzima, wao wanashiba moshi.

Lakini Chuma alikuwa na lake moyoni. Hedhi ilikuwa imekatika, na hospitali hawakuona mimba wala ugonjwa. Alitaka mtoto kuliko kitu chochote. Wifi yake, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, kila akija aliuliza, "Wifi, nitaitwa shangazi lini, nikishang'oka meno?" Chuma alicheka naye, kisha akaingia jikoni akalia.

Zahanati walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kurudisha hedhi. Nesi alieleza wazi: wengine watapewa dawa, wengine vidonge vitupu, na hakuna atakayejua kapata kipi mpaka mwisho. Chuma alisikia neno "dawa" tu, mengine yakapita, akajiandikisha.

"Na umeze asubuhi, baada ya kula, ukiwa umekaa," nesi akakazia.

Basi Chuma, asiyekaa, akawa anakaa juu ya gunia la unga na mkate wa moto, anatafuna taratibu kama mgeni rasmi, kisha anameza. Wenzake walimtania mpaka wakachoka. Akanawiri kidogo, akapata usingizi. Hedhi ikarudi.

Jaribio lilipokwisha nesi akamwambia, "Dada, vyako vilikuwa vitupu. Unga tu."

"Unga? Mimi, mwokaji, mmenitibu kwa unga?" Aliona aibu, halafu hasira. "Kwa hiyo damu yenyewe nilijidanganya?"

"Damu ilikuwa ya kweli. Kama ni imani, kama ni huo mkate wa asubuhi, siwezi kukuapia. Wewe endelea kula."

Aliendelea kula, ila kwa hofu: sasa kwa kuwa anajua, si dawa itakufa? Na kweli, haikupita miezi mingi hedhi ikakatika tena. Chuma alikwenda zahanati na aproni yake, unga hadi kwenye nyusi.

"Nirudishieni vidonge vyangu!"

"Vile vya unga?"

"Hivyo hivyo! Vilinifaa."

Nesi akampa kwanza kikopo cha mkojo. Aliporudi na majibu alikuwa akitabasamu.

"Sikupi kitu, dada. Una mimba."

Chuma alikaa pale pale sakafuni, akalia mbele za watu, halafu akaomba simu ampigie wifi yake.