Mkono Uliofungwa kwa Ajili ya Baba

Nilipokuwa bado sijamaliza kuota meno ya mbele, hapakuwa na mtoto pale Korogwe aliyepiga tunguja, yale matunda madogo ya porini, mbali kuliko mimi. Tulizichuma zikiwa changa na ngumu. Mmoja anarusha, mwingine anaipiga kwa fimbo, na anayeipeleka mbali zaidi anatamba mpaka kesho yake. Mimi nilitumia mkono wa kushoto. Ninaliandika hilo bila aibu, maana aibu yenyewe nimeshaichoka.

Baba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa hodari wa kupura mtama, na siku moja aliponiona nakosa mara tatu mfululizo, aliweka chini fimbo yake ya kupuria akaja kusimama nyuma yangu.

"Unapiga kwa mikono peke yake," alisema. "Anza na nyonga, mwanangu. Kiuno kigeuke kwanza, mikono ifuate. Na usitazame unakotaka iende. Itazame tunguja mpaka uisikie imegonga."

Akaviteremsha viwiko vyangu, akausogeza mguu wa mbele. Nilipopiga tena sikuhisi uzito wowote. Niliona tu tunguja ikipita juu ya paa letu. Baba alicheka hadi akakohoa.

Bibi, mama yake baba, hakucheka. Wazee wake walimwambia kwamba mtoto wa kike akipiga kitu kwa kushoto kikavuka ua, mwanamume wa nyumba ile atakifuata.

"Mzuie mwanao," alimwambia baba. "Mkono huo unafukuza watu."

"Ni mchezo tu, mama."

Haikupita wiki. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeanza, na Wajerumani walitaka wapagazi. Askari waliingia uani asubuhi tukinywa uji. Baba aliomba amalize kupura mtama wake. Walimjibu kwa kiboko, wakamfunga kamba na wenzake, wakaondoka naye. Bibi aliona yote hayo kwa macho yake mawili. Aliona askari, akaona kiboko, akaona kamba. Kisha akageuka akanitazama mimi!

Alichana kaniki yake, akaufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni. "Mpaka arudi," alisema. Mama aliinamisha kichwa. Mkwe hajibizani na mama mkwe wake. Tangu siku ile nilichota maji na kupalilia kwa mkono mmoja, na fundo lilifunguliwa wakati wa kuoga tu. Watoto wenzangu waliambiwa wasinikaribie. Nilikuwa na hasira ya kuuma meno, usiku na mchana, na nilijipoza kwa jambo moja: baba akirudi, atacheka na kunifungua mwenyewe.

Alirudi mwaka uliofuata, amekonda, mabega yamechubuka kwa mizigo. Bibi alipiga vigelegele.

"Si niliwaambia? Mkono umefungwa, mtu amerudi!"

Nilimwamkia baba shikamoo, nikamgeuzia ubavu wenye fundo, nikangoja. Aliligusa. Bibi akamweleza lilikuwa la nini. Baba alitazama njia waliyotokea askari siku ile.

"Liache, mwanangu," alisema. "Wasije wakarudi."

Halafu, kwa vidole vyake mwenyewe, akalikaza.

Nilijikojolea kwa hasira. Siku nyingi zilipita kabla sijamwita baba tena.

Leo ninaelewa. Hakuna kati yao aliyeweza kumfunga askari mkono, wakaufunga uliokuwa karibu. Woga wao ulikuwa wa kweli na waliousababisha nawajua. Lakini kuelewa hakujanipunguzia kitu. Nilikuwa mtoto, na nilibeba vita vya watu wazima ubavuni mwangu.

Wajerumani walipoondoka Korogwe, bibi alinifungua. Alisema sasa hapana tena wa kumchukua mtu. Mkono ulikuwa umesinyaa, vidole havikunjuki vyote. Alipasha moto mafuta ya nyonyo, akanikalisha kwenye mkeka, akaanza kuukanda polepole tangu begani, huku machozi yakimdondokea.

"Utarudi tu, mjukuu wangu," alisema.

Alinikanda kila siku mpaka alipofariki. Nilimwachia mkono aukande, na sikumsamehe.