Nyota Iliyoniharibia Meno

Kazi yangu ni kusoma mwanga wa mawingu ya gesi yaliyoko mbali angani, na hapa Arusha mjini hiyo ni kazi isiyo na heshima hata chembe. Mwongoza watalii anajulikana, muuza mitumba anajulikana, hata dalali wa viwanja anajulikana ingawa kwa ubaya. Mimi nikisema nasoma nyota, mtu anatazama kushoto na kulia, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumsafishia ya kwake, maana tangu mwaka juzi mambo yake hayaendi. Jirani yangu mmoja, mzee wa kanisa kabisa, aliniletea jogoo. Nikamwambia mimi sisafishi nyota za watu. Akajibu kwamba ameelewa, akaondoka, na jogoo akamwacha.

Ukweli wenyewe ni huu. Nyota ya kawaida ikizeeka huvimba, kisha inaanza kujivua ngozi. Gesi inayotoka inasambaa kama wingu, na kile kiini cha moto kinachobaki katikati kinaliwasha wingu hilo mpaka linang'aa. Ukiupitisha mwanga wake kwenye kifaa cha kuuchambua, hupati upinde wa mvua kamili. Unapata mistari myembamba, mmoja wa kijani, mwingine mwekundu, na kati yake karibu giza tupu. Kila mstari una mwenyewe. Oksijeni ina yake, haidrojeni ina yake, na haziazimani. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akila hindi la kuchoma anaweza kukuambia nyota ilipika nini kabla ya kufa. Darubini sina. Mwanga huo hukusanywa na darubini za nchi za watu, nami napakua matokeo yake chuoni ninakofundisha, bando likiruhusu na umeme ukiwa umeamka vizuri.

Katika mistari yote hiyo nimeng'ang'ania mmoja ambao wenzangu wengi hawataki hata kuusikia, mstari wa florini. Ni hafifu mno, umejibanza kwenye kelele za mistari mingine, na nimeshakaa wiki nzima nikiukodolea macho nikaja kugundua kuwa ni uchafu wa kifaa. Nikiulizwa kwa nini florini, ninalo jibu la kitaalamu la dakika kumi. Jibu la kweli liko mdomoni mwangu.

Mimi ni mtu wa Meru, upande wa Momela, na meno yangu ni ya kahawia. Si ile njano ya sigara. Ni kahawia hasa, yenye madoa kama sufuria iliyopikiwa chai miaka mingi. Mtu wa kanda hii akiniona nacheka anajua papo hapo nilikunywa maji ya wapi nilipokuwa mtoto. Maji yetu yanapita kwenye mawe ya volkano na kuzoa floridi, ambayo ni hiyo hiyo florini ikiwa imeshikana na wenzake, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga, meno yanaota na rangi yake. Baada ya hapo piga mswaki mpaka uchoke. Kwa maana hiyo, watu wa kwetu walikuwa wanasoma asili ya kitu kwa rangi zamani sana kabla mimi sijapewa cheti cha kufanya hivyo.

Nilisoma bweni upande wa Kilimanjaro, ambako wasichana wenzangu walikuwa na meno meupe kama maziwa na walijua kuyatumia. Waliniita Ugoro. Mwalimu mmoja aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa na kuniuliza nimeanza kuvuta sigara nikiwa na umri gani. Ndipo nilipojifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja, na nikawa hodari kiasi kwamba picha yangu ya kuhitimu chuo kikuu inaonyesha mtu anayejizuia kutapika.

Lakini mimi niliumia kidogo tu. Aliyeumia ni mama. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na maji ya aina mbili kijijini: ya mfereji, yaliyopita hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na ya chemchemi ya juu, mwendo wa saa nzima kupanda. Wazee walisema ya juu hayachafui meno. Mama aliyafuata mpaka alipopata mimba ya mdogo wangu, mimi nikiwa bado natambaa. Baada ya hapo akachota ya mfereji. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye watoto wake walinyweshwa ya juu na wote wana meno ya tangazo la dawa ya mswaki, hakuwahi kuliachia jambo hilo. Krismasi moja, nyumba imejaa wageni, alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Mtoto mzuri, basi tu mama yake alikuwa mvivu." Mtu mmoja akajaribu kupoza kwa kusema maji yakimwagika hayazoleki. Mama alitoka nje kwenda kuangalia kuni ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

Basi nikapata mchumba, Mchaga, mwana wa familia ya wafanyabiashara wa hapa mjini. Yeye mwenyewe meno yangu hayamshughulishi, maana kilichomshangaza kwangu ni mshahara. Mama yake ndiye aliyenivuta pembeni, kwa upole wote, akanieleza kwamba yupo daktari wa meno anayebandika meno meupe juu ya haya ya zamani, kama fundi wa vigae. "Ni kwa ajili ya picha tu, mwanangu," alisema. Nikaenda kwa fundi wa vigae, akanipangia nirudi Alhamisi, majuma mawili kabla ya sendofu, ile sherehe ambayo kwetu wazazi wa bibi harusi ndio wanaomkabidhi mtoto wao mbele ya watu.

Nilimpigia mama simu nikitegemea ataniuliza kama nimerogwa. Akasema, "Mungu ni mwema. Nenda." Nikamwambia bado nafikiria. Hapo akatamka jambo ambalo nilijua amelilea miaka yote. "Ukija na meno hayo, mimi mbele siji kukaa. Nitakaa huko nyuma na wapishi. Nani atakutazama wewe? Watanitazama mimi."

Nilikasirika, nakiri. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia shangazi, nikaukasirikia mpaka mlima. Jumamosi nikabeba kompyuta, kilo mbili za sukari na mtungi mdogo wa gesi, nikaenda kijijini.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na kuni zote zimelowa, kwa hiyo makande yakapikwa kwenye gesi, jambo ambalo mama alilisema vibaya kuanzia asubuhi. Gesi ni ya chai, alisema. Mtu anayepikia makande gesi ana laana ya utajiri. Alikaa mlangoni akichambua mchicha, uso kwa ukuta wa ndani, mgongo kwa jiko. Ghafla akasema, bila kugeuka, "Punguza moto. Magadi yamemwagika."

Nikatazama. Kweli povu la sufuria lilikuwa linachuruzika, na ule moto wa buluu ulikuwa umegeuka njano.

"Umejuaje, na umeipa sufuria mgongo?"

"Si naona rangi ukutani? Magadi yakigusa moto lazima uwe njano. Kwani huko chuoni mnafundishana nini?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, mama."

Sasa akageuka. "Kutazama makande?"

Nikazima jiko, nikafungua kompyuta mezani. Nilimwonyesha kwanza picha ya wingu, duara lenye kingo za kijani na nyekundu. Akauliza kama ni jicho la ng'ombe mgonjwa. Nikamweleza kwamba ni nyota iliyokufa, na gesi yake inawaka kama lile povu, na kila kilichomo kinatoa rangi yake, kama magadi yalivyojitaja yenyewe ukutani. Hilo alilielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Kisha nikamfungulia mchoro wa mistari, ule unaopanda na kushuka, nikauvuta mpaka kikaonekana kijivimbe kimoja kati ya vilima virefu.

"Hiki ndicho kilichonipaka meno rangi," nikasema.

Akavaa miwani. "Hiki? Mbona kidogo?"

"Kidogo hivyo hivyo. Inaitwa florini. Nyota iliipika, ikafa, ikaitapanya. Si nyota hii hasa, ni nyingine za namna hii, zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Ikaingia kwenye udongo dunia ilipokuwa inaumbwa. Mlima ukaitapika, mvua ikaiosha kwenye mawe, mfereji ukaileta mlangoni."

Mama alikitazama kijivimbe kile kama anavyomtazama mtu aliyemwibia kuku.

"Kwa hiyo ilikuwepo kabla yangu."

"Kabla ya mtu yeyote."

"Kabla ya shangazi yako?"

"Hata yeye, mama, pamoja na uzee wake."

Hakucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Usinidanganye lakini. Ningefuata ya juu, ungekuwa na meno meupe."

Ningeweza kudanganya. Nina maneno ya kitaalamu ya kumpoteza mtu mpaka asahau alichouliza, na huwa nayatumia kwenye vikao. Lakini mama alikuwa amesoma moto wangu kwa mgongo.

"Ndiyo," nikasema. "Yangekuwa meupe. Na wewe ulikuwa na mimba kubwa, na mtoto mgongoni, na ndoo kichwani."

"Sikuwa mvivu."

"Najua."

"Nilianguka siku moja pale kwenye kona ya mawe. Wewe ukiwa mgongoni. Nikasema basi, meno si roho." Alikuwa anaongea na kompyuta, si na mimi. "Sikumwambia mtu. Baba yako angesema nimekuua."

Nikalia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa makamasi. Miaka yote nilidhani hadithi ile ilikuwa ya mwanamke aliyechoka, kumbe ilikuwa ya mwanamke aliyeniokota kwenye mawe na kufanya hesabu yake peke yake. Mama akaniacha kidogo, kisha akaisogeza sufuria.

"Usililie juu ya makande," alisema. "Yana chumvi ya kutosha."

Tulipokwisha kula aliniomba nimfungulie tena kile kijivimbe. Alikitazama huku akichokoa meno yake, ambayo na yeye ni ya kahawia, kwa sababu bibi yangu naye alichota ya mfereji na hakuna aliyewahi kumtolea maneno. Jioni wakati wa kunisindikiza alisema nifanye ninachotaka na mdomo wangu, yeye atakaa mbele.

Jumatano nikampigia daktari wa meno nikamwambia siji. Msinielewe vibaya, sina falsafa yoyote ya meno, na anayetaka vigae abandike, hata mimi huenda nikabandika nikizeeka. Daktari alikuwa pia ameniambia kwamba lazima kwanza ayachonge haya ya zamani, na tangu aliposema neno hilo nilikuwa natafuta sababu ya kukimbia.

Sendofu ilifanyika kwenye ukumbi mmoja kule Kisongo. Ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima mzima, alikuwa amesimamishwa mezani na majani mdomoni, na wakwe zangu walikuwa wamepangwa safu mbili, wote wakimeremeta. Mama alikaa mbele. Shangazi alikaa nyuma yake tu, mahali ambapo angeweza kusikia kila kitu. Mshereheshaji alipompa mama maikrofoni alimnong'oneza kwamba ana dakika mbili. Mama alimtazama mpaka kijana wa watu akarudi nyuma.

Alisalimia, akamshukuru Mungu, akawashukuru wapishi. Halafu akasema:

"Wakwe zangu, najua mmeyaona meno ya binti yangu. Msione haya kuyatazama, hata mimi ninayo. Watu wamesema ni mfereji, wengine wakasema ni mimi." Hakugeuka nyuma, lakini nilimwona shangazi akiisoma chupa yake ya soda kama Biblia. "Nataka mjue leo. Haya meno yamepikwa na nyota. Mwanangu ameniletea mwanga wake, nimeuona kwa macho yangu haya, mezani kwangu. Nyota imekufa ndipo yeye akayapata. Sasa na ninyi mniambie, hayo yenu meupe mliyatoa wapi?"

Ukumbi ulilipuka. Mama mkwe wangu alicheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni, na mchumba wangu akapiga meza kwa ngumi hadi mbuzi akainamisha kichwa.

Kisayansi mama alikosea. Kalsiamu iliyomo kwenye meno ya wakwe zangu nayo ilipikwa na nyota, tena zile zinazokufa kwa kishindo kikubwa kuliko zangu. Maikrofoni ilikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokaa, na mimi ni mtu ninayemsahihisha hata mchungaji akiwa bado madhabahuni. Nikacheka tu kama wengine, mpiga picha akinimulika usoni, mikono yangu yote miwili iko mapajani.