Kibao cha Kumi na Saba

Mimi darasani sikukaa. Nilifika la tatu nikaenda kuchunga mbuzi wa mjomba kule Muheza, basi mniwie radhi maneno yakipishana. Nataka kusema habari ya kichwa cha treni, kile cha mvuke, ambacho mwaka jana watu wa makumbusho walikuja kukitafuta hapa Tanga nikakosa usingizi.

Vichwa vilikuwa viwili, mapacha, vimesimama majanini nyuma ya karakana tangu mvuke ulipokwisha. Kimoja kina kibao cha shaba, 17. Kingine 19. Barua yao ilisema Kumi na Saba ndicho kikongwe, kihifadhiwe. Kumi na Tisa kikatwe, kiuzwe chuma chakavu. Mafundi wa kukata chuma kwa gesi wanakuja Jumatatu.

Kila mtu alifurahi ila mimi. Maana kile chenye kibao cha 17 sicho Kumi na Saba. Najua, kibao nilikifunga mimi.

Enzi hizo nilikuwa mtia moto. Dereva wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Pangani, mbishi, pweza hamli mpaka akamuliwe ndimu tatu. Lakini hayo tuyaache. Tuliendesha Kumi na Saba, naye alikipenda kuliko nyumba yake. Siku moja ikaja amri: Kumi na Saba kimezeeka, kiegeshwe. Dereva akaniambia, "Kitakachoegeshwa ni kibao."

Tukangoja Ijumaa. Karakana nzima imekwenda kuswali, na sisi tumevaa kanzu kama wenzetu, tukabaki nyuma na spana. Sisifii. Toba nimeleta mara nyingi. Vibao vikahama, Kumi na Tisa akaegeshwa, chetu kikavuta mabehewa ya mkonge miaka mingine kwa jina la watu.

Sasa jina hilo ndilo lililoandikiwa kukatwa.

Jumapili, baada ya chai, nikamwambia mke wangu. Akaweka kikombe chini.

"Ile kanzu yenye grisi kifuani?"

"Ndiyo hiyo."

"Nami miaka yote nasema ulitoka kwa mwanamke."

"Mwanamke gani ana grisi, wewe?"

"Ndiye niliyekuwa namtafuta." Kisha akasema, "Nenda kaseme. Wakikuita mwizi, utakuwa mwizi mkweli."

Jumatatu nikavaa kanzu, nikaenda mapema. Mitungi ya gesi imeshashushwa ubavuni mwa chetu. Msimamizi wa makumbusho alikuwa binti, umri wa wajukuu zangu, kashika faili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mnakata sicho."

Nikamweleza yote, hata habari ya Ijumaa. Fundi mmoja wa gesi akacheka. "Mzee kaota huyu."

Binti hakucheka. "Babu, nitaandika nini? Kibao kinasema kumi na tisa."

Nikamwambia kibao ni bolti nne tu. Karakana yetu ilikuwa na desturi: kila chuma kikubwa kinagongwa namba ya kichwa chake, ili vikifunguliwa visichanganyike. Yale machuma marefu yanayounganisha magurudumu, namba iko ubavuni, chini ya grisi. Sikumwambia kwamba mara nyingine tuliazima chuma cha kichwa kimoja tukatia kingine. Niliwahi kubeba kimoja begani mwenyewe. Hilo ndilo nililoliogopa, huenda chuma hiki si chake.

Nikaomba mafuta ya taa na brashi ya waya, nikapiga magoti. Grisi ya miaka ile imekuwa kama gome la mti. Nikakwangua. Ikatoka moja. Moja haisemi kitu, vyote viwili vinaanza na moja. Fundi naye sasa kainama. Nikamwaga mafuta tena, nikafuta kwa tambara. Ukatoka mstari wa juu, umelala. Kisha mguu, unashuka kwa mshazari.

Saba.

Binti akaipapasa kwa kidole kama kipofu. Akafungua faili, akakata mstari, akaandika juu yake.

"Mlikosea sana, babu."

"Sana."

"Alhamdulillahi umekuja kusema," akasema, akawaambia wale wahamishe mitungi.

Pacha wake, ambaye sasa ndiye wa kukatwa, nilimpitia nikamgusa. Nilimwonea haya, kwa vile amesimama badala ya mwingine miaka yote ile. Lakini nisidanganye, moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Nyumbani mke wangu alinitazama kifuani. Grisi, palepale pa zamani.

"Vua," akasema. "Leo sikuulizi."

Nikalala mpaka alasiri.